Pua yangu haitaki manyoya, sasa nawaza kobe

Aleji yangu mie ya paka ni ya kweli jamani, sio deko. Paka akilala kwenye kochi kisha mie nije nikae pale pale, macho yanavimba, chafya haziishi, na usiku kifua kinabana mpaka natafuta pampu. Na hapa Unguja paka utamkimbilia wapi, Mji Mkongwe kila baraza ina wake, dikoni Malindi kwenye samaki ndo usiseme, halafu ni mnyama anaependwa kidini, ukisema hutaki paka ndani watu wanakuona una roho mbaya. Nawapenda sana, mwili ndo umekataa.

Wengi wananambia tafuta paka wa manyoya mafupi. Manyoya sio tatizo lenyewe. Tatizo ni protini iliomo kwenye mate na ngozi ya paka, madaktari wanaiita Fel d 1, akijilamba inakauka inakuwa vumbi dogo linaelea hewani, linanasa kwenye mapazia na magodoro, na paka hata akihamishwa lile vumbi linabaki nyumbani kwa miezi. Mbwa, sungura na panya nao wana protini zao za namna hio.

Ndo maana muda sasa nawaza mnyama wa magamba. Kobe, mjusi, lumbwi (kinyonga), jamii hio. Hawana manyoya, hawajilambi mwili mzima, na wakijivua gamba linatoka vipande vipande halipeperuki. Aleji ya wanyama hawa ipo, kuna watu wamepata ya iguana, yule mjusi mkubwa, ila ni wachache sana ukilinganisha na paka.

Ila kabla hujafurahi angalia anakula nini! Nyoka anakula panya, kwa hio wewe uliekimbia manyoya utakuwa unaweka panya ndani, na mkojo wa panya ni aleji kubwa tu. Mijusi wengi na lumbwi wanataka wadudu hai, na wanaofuga panzi na nyenje kwa ajili ya kulishia wanapata mafua na pumu kwa vumbi la hao wadudu. Kwa mtu mwenye kifua kama changu anaefaa ni mla majani, yaani kobe.

Na kobe kwetu sio mgeni. Wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu babu zao walikuja wanne tu, zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Walizaana hadi kufika kama 200 mwaka 1955, halafu wakaanza kuibiwa, wengine wauzwe nje wakafugwe majumbani, wengine waliwe, mpaka mwaka 1996 walibaki 7. Saba! Yakaletwa makinda 80 kuongeza, 40 yakapotea tena, ndo ikabidi wajengewe ua wa kuwalinda. Hii habari inaniuma kila nikiikumbuka, maana waliowamaliza walikuwa na hamu kama yangu mie, mtu anataka kobe wake mwenyewe nyumbani. Kwa hio akitokea kijana na kobe ndani ya polo anauza bei poa, mie sinunui na nakuomba na wewe usinunue, hujui kamtoa wapi. Kobe ni mnyama wa pori, unaanza Idara ya Misitu kuulizia kibali.

Na umri je? Jonathan, kobe wa kisiwa cha St Helena, anakadiriwa kuzaliwa karibu mwaka 1832. Wale wa Changuu dume anaweza kupita kilo 200, huyo sio wa uani kwetu, lakini hata kobe mdogo wa kawaida anaishi miaka mingi sana, lazima ujue nani atamrithi. Afadhali kwa jua tumebarikiwa. Wanaofuga ndani kwenye nchi za baridi wananunua taa maalum ya UVB, mionzi kama ile ya jua, kwa sababu bila mionzi ile mwili wa kobe hautengenezi vitamini D, kalsiamu haiingii mifupani, gamba linaharibika. Sisi ni kumuachia ua tu, apate na kivuli.

Kinachonizuia hasa ni salmonela, bakteria wa kuharisha. Wanyama hawa wanaibeba tumboni wao wenyewe wazima kabisa, mtu anaipata kwa kushika kobe kisha kula bila kuosha mikono kwa sabuni, au kwa kuoshea chombo chake jikoni. Mtu mzima ataharisha apone, ila watoto chini ya miaka 5 na wazee ndo inawalaza hospitali, na wataalamu wanasema wazi nyumba yenye mtoto mdogo isiweke mnyama wa magamba. Mwanangu kila anachookota kinaingia mdomoni, na tunaishi na bibi yake ana sukari. Hapo siwezi kujidanganya eti nitakuwa makini.

Kwa hio kobe atasubiri mtoto akue. Kwa sasa nna lumbwi kwenye mkomamanga, simfugi, kaja mwenyewe. Nilitaka kumuwekea kizimba nikasoma kwamba lumbwi akishikwashikwa anapata dhiki mpaka anaumwa, na maji hanywi kwenye bakuli, anaramba matone kwenye majani. Basi asubuhi nanyunyizia majani maji, watoto wa mtaani nimewakataza kumrushia mawe, na jirani anaesema lumbwi ni nuksi nimemuomba, Bi mkubwa, muache tu anakula nzi.

Kama uko Unguja au Pemba na unae kobe wa halali mwenye kibali, niandikie ulikipataje, na masika unamuweka wapi ua ukijaa maji.