Umemrudishia nani?

Ruracio ya Shiru wetu, ile sherehe ya mahari, imeenda poa nikiangalia kwa video, shifti ya usiku wamenipa rasmi, lakini wiki nzima kichwani nina swali moja tu la mama. Jumapili nilimtumia picha ya samaki, bass niliyemvua huku Marekani, Ziwa Sangchris, mkubwa, tumbo limejaa, mdomo ngumi ingeingia. Akapiga hapo hapo. "Huyo namjua. Umempika aje?" Nikamwambia nimemrudisha majini. Akanyamaza, halafu: "Umemrudishia nani?"

Hakuwa anacheka. Alisema polepole vile husema na mteja anayetaka kukopa, umemrudishia nani, na mimi nikaanza kuuliza habari za mvua.

Mnajua mama ameuza samaki Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, tangu tukiwa wadogo, bass wa Naivasha anawapima kwa mkono tu. Wazungu waliwaleta kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 wapate mchezo wa kuvua, kwetu wakawa karo. Sasa mtoto wake amefika kule samaki walikotoka, anamshika, anampiga picha, anamwachilia. Nikikaa upande wake naona kabisa kwa nini imemuuma.

Lakini hakumwona yule samaki. Huku Illinois Februari maziwa mengi yameganda, halafu unafika Sangchris asubuhi unakuta ukungu unapanda majini, maana stesheni ya kuzalisha stima ya Kincaid, ile ya makaa ya mawe, inavuta maji ya ziwa kupoza mvuke wake inayarudisha yakiwa na joto. Visamaki vidogo vinakimbilia huko, bass wanavifuata na kula wakati wenzao wa maziwa baridi hawataki hata kusogea. Wewe juu unaganda, vile vipete vya fimbo vinavyopitisha mshipi vinajaa barafu, unaivunja kwa ukucha, unatumbukiza vidole majini vipate uhai. Navuta chambo polepole, hakuna kishindo, mshipi ukawa mzito tu. Alipotoka ni jike la mayai, maji yenye joto huwafanya watage mapema. Nilimshika chini ya tumbo mpaka akapiga mkia mwenyewe akaenda.

Jibu lilinijia jana usiku kazini nikimgeuza mgonjwa. Mama, 2001 si uvuvi Naivasha ulifungwa mwaka mzima samaki wazaane, ukauza sukuma na hukulalamika? Basi nimewarudishia hao wa kesho. Hivyo tu.

Leo nimepiga nimwambie, kabla sijafungua mdomo akauliza, "Hayo maji moto ni kama ya Olkaria?" Weee, tumeongea mpaka chai yake ikapoa! Nimemweleza hapana, stima ya Olkaria ni ya mvuke wa ardhini, huku wanachoma makaa, na 2020 walitangaza Kincaid itafungwa ifikapo mwisho wa 2027, kama stesheni nyingine ya makaa, Coffeen, ilivyofungwa 2019, na ikizimwa hilo joto limeisha. Moshi ukiisha ni vizuri kwa kila mtu, najua, lakini hizo asubuhi nitazilia. Akasema basi vua sasa, na ukipata dume usimwachilie, mkaange na ndimu, unitumie hiyo picha. Nimefurahi sijui niseme aje.

Ila alikohoa sana kwa simu. Anasema ni vumbi la sherehe. Shiru akihamia kwa bwanake Nakuru mwezi ujao, nani atampeleka kliniki?