Kutoka Luxor hadi Abu Simbel: mahekalu ya Naili kwa treni na mashua

Meli za kitalii zinazopita kati ya Luxor na Aswan, kusini mwa Misri, hufuata ratiba inayokaribiana sana: Edfu hutia nanga alfajiri, Kom Ombo jua likielekea kuzama. Ukishalijua hilo, nusu ya safari umeshaipanga. Hekalu la Edfu ambalo saa moja asubuhi halina pa kukanyaga, kuanzia saa tano linapumua, na Kom Ombo ya asubuhi huwa karibu tupu. Mimi na mke wangu tulikwenda wenyewe bila wakala, kwa treni, bajaji na mashua, na kila hekalu tulilipangia saa yake kwa kuzikwepa meli.

Tulichagua Januari. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la Aswan hupita nyuzi 40, na viwanja vya mahekalu havina kivuli. Hata hivyo usiku wa Januari ni baridi, sweta linahitajika. Kuhusu saa, majira ya baridi Misri iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja. Kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba saa zinalingana.

Tiketi za mahekalu makubwa siku hizi hulipiwa kwa kadi ya benki, fedha taslimu hazipokelewi. Bebeni kadi mbili za benki tofauti, maana moja ikigoma dirishani hamna pengine pa kulipia. Noti ndogo za pauni 5, 10 na 20 ni za choo, za dereva, na za mlinzi anayekuitia kona yenye giza akuonyeshe mchongo. Usiyemhitaji mkatalie mapema kwa upole, ukishamfuata, unadaiwa.

Jifunzeni pia tarakimu zao kabla ya kupanda treni, kwa sababu namba za mabehewa na bei sokoni mara nyingi huandikwa kwa hizo tu. Tano yao ni kiduara, mtu huisoma sifuri. Sifuri ni nukta. Saba ni kama herufi V, nane ni V iliyopinduliwa, na sita inafanana na saba yetu. Anayechanganya tano na sifuri hukaa kiti cha mwenzake, au hulipa bei asiyoikubali.

Luxor ina mengi, nataja machache. Hekalu kubwa la Karnak ingieni lango linapofunguliwa, mwende moja kwa moja kwenye ukumbi wa nguzo 134 kabla mabasi hayajafika. Viwanja vingine vitasubiri. Kwenda ng'ambo ya magharibi pandeni kivuko cha wananchi, si boti ya watalii. Medinet Habu, hekalu la Ramses III, halina foleni za Bonde la Wafalme lenye makaburi ya mafarao, na maandishi yake yamechimbwa kwa kina hata kiganja kinazama. Tiketi yake hukatwa kwenye kibanda kilicho mbele kidogo ya sanamu za Memnon, si mlangoni. Wanaofika langoni mikono mitupu hurudishwa njia yote ile.

Kutoka Luxor hadi Aswan kwa reli ni kama kilomita 210. Njia ya reli iko ukingo wa mashariki, kwa hiyo mkielekea kusini kaeni kulia muuone mto. Shida ni kwamba Esna na Edfu yako magharibi: mnashuka stesheni, kisha mnavuka daraja kwa gari jingine. Daladala zipo, lakini baadhi ya madereva huwakataa wageni wakiogopa kucheleweshwa na polisi kwenye vizuizi. Pasipoti iwe mkononi, si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari.

Hekalu la mungu Khnum pale Esna liko mita 9 chini ya barabara, kwani mji umejijenga juu ya vifusi vyake karne kwa karne, na sehemu kubwa ya jengo ingali chini ya nyumba za watu. Kinachoonekana ni ukumbi mmoja wa nguzo 24. Tangu 2018 mafundi wa Misri na Ujerumani wamekuwa wakiondoa masizi yaliyoufunika, na chini yake rangi zimetoka nzima: buluu, nyekundu, manjano, pamoja na makundi ya nyota darini. Watalii wengi hulipita. Kwangu mimi halina mpinzani kwa rangi katika mto mzima.

Edfu ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote. Hekalu la mungu Horus lilianza kujengwa mwaka 237 na kukamilika mwaka 57 kabla ya Kristo, na mchanga uliolizika ndio uliolihifadhi hadi mwanaakiolojia Mfaransa Auguste Mariette alipoanza kulifukua miaka ya 1860. Minara ya lango ina mita 36. Kutoka hapo ingieni polepole mkitazama juu na chini: kila chumba sakafu hupanda kidogo, dari hushuka kidogo, mwanga hupungua, mpaka mnafika patakatifu penye sanduku la jiwe la mfalme Nectanebo II, ambalo ni la zamani kuliko hekalu lenyewe. Wajenzi walilichukua kutoka hekalu lililotangulia.

Michongo ya nje imezamishwa ukutani ili jua kali litie kivuli ndani ya mistari. Ya ndani imeinuliwa, na taa ya simu ukiielekeza usoni mwa ukuta huifuta kabisa. Ishikeni taa pembeni, iwe karibu kulala ukutani, na vidole vya miungu, mishipi na hata manyoya ya ndege vitajitokeza. Kisha nendeni kwenye ujia ulio kati ya hekalu na ukuta wa nje, upande wa magharibi. Hapo Horus anamchoma adui yake, mungu Seth, kwa chusa, naye Seth amechorwa kiboko mdogo mno, asiweze kudhuru hata akiwa jiwe.

Farasi wa Edfu ni jambo la kuangaliwa. Gari la farasi likubalianiwe kwa kutaja yote: watu wawili, kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri, kwa pauni za Misri. Ukiacha moja halijasemwa, ndilo litakalodaiwa baadaye. Sisi tulipanda bajaji, na farasi wengi tuliowaona walikuwa wamekonda kiasi cha kutosha kuamua.

Kom Ombo ni hekalu la miungu wawili, kwa hiyo kila kitu ni viwili: milango miwili, njia mbili, patakatifu pawili. Ukiingia, kulia ni kwa Sobek mwenye kichwa cha mamba, kushoto kwa Horus Mkubwa. Msiliache jumba la mamba waliokaushwa, wala kisima cha mviringo chenye ngazi kilichopimia kina cha mto. Mto ukipanda vizuri, mavuno yatakuwa mazuri na kodi itapandishwa. Maji ya Ziwa Victoria yanayotokea Jinja huufanya mto utiririke mwaka mzima, lakini mafuriko yaliyopimwa hapa, pamoja na udongo wake mweusi, yalitoka milima ya Ethiopia.

Aswan ni mahali pa mashua. Faluka ina tanga la pembetatu kama majahazi yetu, na kwa kuwa upepo hutoka kaskazini, kushuka mto ni kupiga bisho, mkondo ukisaidia. Upepo ukifa, mnaelea tu. Kwa safari ya kulala njiani kubalianeni na nahodha juu ya chakula, maji ya chupa, mablanketi, na hasa mahali pa kushukia. Nyingi huishia kabla ya Kom Ombo na salio la njia ni gari. Choo hakuna, ni ukingoni.

Kwenda Philae, boti za gati la Shellal hutoza kwa boti, si kwa kichwa, hivyo wawili hulipa sawa na wanane. Subirini wenzenu dirishani mgawane, na malipo yatolewe mkisharudi. Hekalu la mungu wa kike Isis lilihamishwa kutoka kisiwa cha Philae, kilichomezwa na maji ya mabwawa ya Aswan, hadi kisiwa cha Agilkia na kufunguliwa tena 1980. Alama ya maji ya bwawa la kwanza, la 1902, bado imebaki kwenye mawe. Kwenye lango la Hadrian, kaizari wa Roma, kuna maandishi ya mwisho yanayojulikana ya hieroglifu, yaani mwandiko wa picha wa Misri ya kale, ya tarehe 24 Agosti 394.

Abu Simbel, penye mahekalu mawili ya Ramses II yaliyochongwa mwambani, iko karibu kilomita 280 kusini zaidi. Magari ya watalii huondoka Aswan kama saa kumi alfajiri, hukaa pale saa mbili hivi, na mapema mchana yamerudi. Sisi tulilala kijijini, tukaingia alasiri. Mkifika zungukeni nyuma ya kilima kwanza: ni cha kutengenezwa, kwani kati ya 1964 na 1968 mahekalu yote mawili yalikatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu yasimezwe na ziwa la bwawa jipya. Chumba wekeni mapema, na tarehe 22 Februari na 22 Oktoba, jua linapoingia hadi patakatifu, ziepukeni kama hampendi msongamano.