Charmander ni mjusi au salamanda?

Likizo hii nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, imejaa ubishi kuhusu wanyama wasiokuwepo duniani. Mpwa wangu anacheza Pokémon, mchezo wa video wa kukamata viumbe vya kubuni, na kila akikamata kiumbe ananigeukia: "Mjomba, huyu reptilia au amfibia?"

Leo tumekwama kwa Charmander, kiumbe mwenye miguu minne na mkia unaowaka moto. Mchezo wenyewe unamwita mjusi, lakini jina lake limetokana na salamanda, mnyama ambaye watu wa kale wa Ulaya waliamini haungui motoni. Salamanda ni amfibia, ndugu wa chura. Kwetu hayupo, kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa porini, kwa hiyo mtoto wa Tanga akiona miguu minne na mkia atasema mjusi tu. Nikamwuliza: ngozi ina magamba kama ya reptilia, au ni laini na yenye unyevu kama ya amfibia? Mayai yanatagwa nchi kavu au majini? Akianguliwa anapumua kwa mapafu au kwa matamvua? Akanyamaza, akaikazia macho picha. Mwisho akaamua ni reptilia, kwa sababu ngozi ya amfibia hupitisha maji na hewa, na mkia unaowaka moto ungemkausha. Hoja hiyo hakuisoma popote, aliijenga mwenyewe. Nilifurahi mno.

Hapo ndipo ninapoupendea mchezo huu. Jibu la kinyonga liko kitabuni, mtoto analikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau. Kiumbe cha kubuni hakina jibu la kukariri, lazima uuchunguze mwili wake na utetee unachosema.

Wengine ni rahisi. Poliwag ni kiluwiluwi, na ule mviringo tumboni ni matumbo yanayoonekana kupitia ngozi; Amerika ya Kati na Kusini wapo vyura halisi wa namna hiyo. Wooper anafanana na aksolotli wa Mexico, salamanda anayebaki na matamvua ya utotoni hata akizeeka. Squirtle ana gamba la kobe, basi.

Halafu nikamletea wanyama wa milima yetu, na mambo yakachafuka. Kwenye misitu ya Amani, juu ya Muheza, yupo chura mdogo aitwaye Nectophrynoides tornieri. Huyu hatagi mayai majini. Mama anazaa vyura wadogo waliokamilika, hakuna viluwiluwi. Yupo pia Boulengerula boulengeri, hana miguu, anaishi udongoni, na ukimfukua utasema ni nyungunyungu. Naye ni amfibia. "Mjomba, sasa swali la yai halitusaidii!" Kweli, peke yake halitoshi. Ndiyo sababu wataalamu hutazama mifupa, ngozi, na siku hizi vinasaba. Nikamweleza kwamba hata Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyepanga viumbe katika makundi, mwaka 1758 aliwaweka nyoka, mijusi na vyura katika kundi moja, akaliita Amphibia. Hilo lilimtuliza kidogo.

Kabla ya kulala akamtoa Totodile, ambaye ni mamba, akamweka karibu na kenge. Nikamwambia mamba ana undugu wa karibu zaidi na kuku kuliko na kenge. Amekataa katakata. Anasema kuku ana manyoya, na kesho nimletee ushahidi. Nitaanza na moyo: wa mamba una vyumba vinne kama wa kuku, wa kenge una vitatu.