Mradi wa tofali, wiki ya sita: zinazovunjika zimepungua

Jumamosi tumefyatua tofali 180 za inchi 6, jana asubuhi tulivyozibeba kwenda kuzipanga zimevunjika 7 tu. Nimefurahi sana jamani, maana wiki ya tatu nilifyatua 270 nikapoteza 41, na ile yote ni saruji niliyonunua kwa kujibana.

Mwanzoni niliamini kabisa kwamba saruji ni ndogo. Nikamwambia fundi tuongeze, mfuko wa kilo 50 utoe tofali 25 badala ya 30, akagoma, "bosi utaumia hela bure, saruji inatosha." Sikutaka tubishane, nikachukua daftari. Wiki ya nne kila tofali ikiwa bado mbichi naichora herufi kwa msumari, A zilizotoka mwanzo wa lundo la mchanganyiko, B za katikati, C za mwisho, halafu kila inayovunjika napiga kamstari kwenye daftari na kuandika imevunjikia wapi. Ni njia ya kawaida tu viwandani, ipo kwenye zile zana saba za ubora, yani mbinu rahisi za kutafuta chanzo cha kasoro, alizozieneza Mjapani Kaoru Ishikawa, ila sikuwahi kufikiria itanifaa saiti kwangu.

Zikavunjika 38. A zilikuwa 4, B 7, C 27!

Yani jibu lilikuwa wazi kabla sijamaliza kujumlisha. Tulikuwa tunakoroga mifuko mitatu kwa mpigo saa mbili asubuhi, mpaka lundo liishe ni saa tano, jua limeshapanda, vijana wanaona mchanganyiko umekuwa mgumu wanamwagia maji tena. Nikachota kiganja kimoja pale mwisho wa lundo nikakuta vibonge vidogo vigumu, ukivifinya vinapasuka kama chumvi ya mawe na havirudi tena kushikana. Saruji haikazi kwa kukauka, inakaza kwa kuungana na maji, na hiyo kazi inaanza pale pale maji yanapoingia, sasa ukija kuikoroga upya baada ya masaa mawili unavunja kilichokwisha kushikana. Fundi alikuwa sahihi na nilimwambia hivyo mbele ya vijana.

Wiki ya tano nikabadilisha kitu kimoja tu, tunakoroga mfuko mmoja mmoja, ukiisha ndo unakoroga mwingine. Zikavunjika 15 kati ya 180. Nilijizuia nisiguse kingine hata fundi alivyotaka tubadili na mchanga, maana ningejuaje kipi kimesaidia?

Wiki hii ndo nikaugeukia mchanga. Weka kwenye chupa nusu, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Ule wa zamani uliacha tabaka nene la tope juu, huu mpya tope ni kama utando tu. Pia tunafunika turubai na kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba.

Za wiki ya pili zimetimiza siku 28. Nikizigonga moja kwa nyingine nyingi zinalia kali, zile zinazotoa mlio wa kufa nimezitenga, haziingii ukutani.

Kwenye zile 7 za jana, 5 zimemeguka kona ile ile ya kushoto. Nahisi fomu, lile boksi la kufyatulia, imepinda, kesho naipeleka kwa mchomeleaji aipime kona na skwea.