Tulivyolala Boundary Waters bila kujua kuogelea

Wakenya wengi tunaoishi Minnesota, Marekani, hufika mji wa Duluth, tukapiga picha kando ya Ziwa Superior, kisha tukarudi Minneapolis jioni hiyo hiyo kwa sababu kuna zamu ya usiku. Kaskazini zaidi, mpakani na Kanada, kuna pori la zaidi ya ekari milioni moja lenye maziwa zaidi ya elfu moja. Linaitwa Boundary Waters, na ni nadra kumkuta mtu wa kwetu huko. Sababu ninayoisikia kila mara ni maji: hatujui kuogelea. Mimi sijui kuogelea, mume wangu pia hajui, na tumelala huko na binti yetu tukatoka salama salimini.

Tulianzia mjini. Tulikodi mtumbwi Bde Maka Ska, ziwa lililo ndani ya jiji la Minneapolis, na tukarudi kila nilipopata wikendi ya mapumziko. Hapo ndipo tulipoona kwamba mtumbwi haupinduki ovyo. Unapinduka mtu anaposimama, au anapoinama ubavuni kuokota kitu majini. Basi tukapatana: anayetaka kitu anaomba apewe, na jaketi la kuokoa maisha halivuliwi mpaka miguu ikanyage nchi kavu. Mume wangu alikaa nyuma, maana wa nyuma ndiye anayeongoza mtumbwi, mimi mbele, binti katikati.

Kibali ni cha kutafuta mapema. Kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba, kila mlango wa kuingilia una idadi maalumu ya vikundi vya kulala kwa siku, na kikundi hakizidi watu 9 na mitumbwi 4. Sisi tulichagua mlango wa Sawbill. Kutoka Ziwa Sawbill kwenda Ziwa Alton unabeba mizigo na mtumbwi nchi kavu kwa rodi 30 tu. Rodi moja ni kama mita tano, kwa hiyo ni mita 150 hivi. Kwa familia inayoanza, sijaona sababu ya kutafuta njia ngumu kuliko hiyo.

Makopo ya chakula au vinywaji na chupa za kioo haviruhusiwi, na hilo halikutusumbua hata kidogo. Tulibeba unga wa mahindi, njugu, nyama iliyokaushwa, na sukuma wiki niliyoikausha mwenyewe kwenye ovena. Kila kambi ina jiko la chuma la kuwashia moto, na ugali ukaiva vizuri juu yake. Sufuria unaziosha mbali na ziwa, futi 150 au zaidi, ili mabaki na sabuni visiingie majini. Maji ya kunywa tulichota ziwani tukayachemsha.

Sasa mizigo. Begi tulilokodi lilikuwa la turubai, mtindo wa Duluth, lenye mkanda unaopita kichwani. Kijana wa dukani alipotaka kunifundisha, nilimwambia mama yangu kule Murang'a alibeba kuni hivyo miaka yote. Shingo unainyoosha, mwili unauinamisha mbele, hatua fupi fupi. Njia yenyewe ni mizizi na mawe, na nilipoipita nilifikiria Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa eneo hili, ambao walibeba mitumbwi yao katika nchi hii kutoka ziwa hadi ziwa kabla mfanyabiashara yeyote wa Kizungu hajafika. Mume wangu alijitwika mtumbwi umefudikizwa, nira yake ikikaa mabegani, uso hauonekani. Binti akatangulia kumwambia, “Baba, kuna jiwe kushoto.” Tulirudi mara ya pili kuchukua vilivyobaki. Wenye haraka hubeba vyote kwa safari moja; waache waharakishe.

Alton ni ziwa kubwa, na kwa asiyejua kuogelea adui ni upepo. Kwa hiyo tuliingia majini alfajiri, maji yakiwa yametulia, tukafuata ukingo kwa karibu kiasi cha kuhesabu mawe chini. Kukata katikati kungekuwa njia fupi, lakini hatukukata. Upepo ulipoanza na mawimbi kutoa povu jeupe, tulikuwa tumeshafunga hema chini ya misunobari. Tukakaa hapo hadi jioni, na sikuona kama ni siku iliyopotea.

Chakula hakilali hemani, maana kuna dubu weusi. Ama kiwe kwenye chombo ambacho dubu hawezi kukifungua, ama kining'inizwe futi 12 kutoka ardhini na futi 6 kutoka kwenye shina. Kutafuta tawi la kufaa huchukua muda mrefu, kwa hiyo tulilitafuta mchana. Usiku alilia ndege aitwaye loon, sauti ndefu kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. “Mami, umesikia?” Nilikuwa nimesikia, na sikuogopa.

Kama mtumbwi bado unakutia hofu, panda Eagle Mountain, ndani ya pori hilo hilo. Una mita 701, ndio mlima mrefu kuliko yote Minnesota, na njia yake ya kama kilomita 5.6 kwenda tu, bila kuhesabu kurudi, inapita kando ya Ziwa Whale. Kibali cha siku moja unajijazia mwenyewe mwanzoni mwa njia. Vaa viatu vigumu kwa ajili ya mawe, na ukiweza nenda mwishoni mwa Septemba, mbu wakiwa wamepungua.