Swala Isiyo na Jeneza

Kaka yangu aliswaliwa Ijumaa moja mwishoni mwa Machi 1979, katika msikiti mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, na jeneza halikuwepo. Alikuwa ameshazikwa upande wa pili wa nchi, kwenye ardhi ambayo hakuna hata mtu mmoja wa ukoo wetu aliyewahi kuikanyaga. Mimi nilikuwa na miaka 15. Yeye alikuwa na miaka 24 na nyota mbili begani.

Watu wakimtaja siku hizi husema shujaa. Sikatai. Ila ninayemkumbuka mimi alikuwa kijana wa kujipenda, mwenye baiskeli ya Phoenix aliyoifunga mnyororo humo humo ndani ya nyumba ili nisiiguse, na shabiki wa Coastal Union aliyeweza kumnunia baba mdogo wiki nzima kwa kuwa baba mdogo ni African Sports. Alipomaliza kidato cha sita akaenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria kama wenzake, nasi tukajua atarudi atafute kazi bandarini, alikokuwa baba. Wapi! Akaomba jeshi, akapelekwa chuo cha maofisa Monduli, na baada ya kutunukiwa kamisheni akaja likizo na picha: amesimama wima, kofia imeshuka karibu na nyusi, suruali imepigwa pasi barabara. Bibi yetu, Mdigo asiye na maneno mengi, akaishika ile picha, akaisogeza kwenye mwanga.

"Sasa huko kazi yenyewe ni ipi, mjukuu wangu?"

"Kuongoza watu, bibi."

"Umewahi kuongoza hata mbuzi?"

Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera, yakafika mpaka mtoni, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba tulijazana barazani kwa jirani mwenye redio kumsikiliza Mwalimu Nyerere akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wanaume walishangilia. Mama aliinuka akaenda kuchochea moto ambao haukuwa umefifia. Siku zilizofuata tukaanza kusikia habari za mabasi na malori ya watu binafsi kuchukuliwa kubeba askari, mgambo wakaitwa, na kaka hakupata hata nafasi ya kuja kuaga.

Barua zake zilikuja chache. Ya mwisho ilitufikia katikati ya Machi, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, bila kutaja yuko wapi. Alisema mzima, baridi ya usiku si mchezo, na ndizi amezila hadi amezichoka. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akauliza kama fundi wa mtaani kwetu amemaliza suruali zake mbili za bugaluu, na akaniagiza kwa jina langu kamili kwamba baiskeli ikae pale pale ilipo.

Hatukujua kwamba tulipokuwa tunaisoma, mwenyewe hayupo.

Land Rover ya jeshi ilifika siku ya Jumanne, baada ya alasiri. Haikusimama mlangoni kwetu, ilisimama kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi ndiye aliyetangulia kuja kwa miguu. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Alipomwona balozi anakuja ameinamisha kichwa, akauweka ungo chini taratibu, kwa sababu balozi yule hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Ofisa aliyekuja nyuma yake alikuwa kijana kama kaka. Alivua kofia, akampa baba mkono, akasema maneno aliyotumwa kusema. Baba akaitika kila neno, "Naam... naam," kama mtu anayepokea maelekezo ya kazi.

Bibi ndiye aliyemtia yule kijana kwenye kona.

"Mwili uko wapi, baba?"

"Umezikwa kwa heshima zote, bibi. Kagera."

"Nani kamwosha?"

Kijana akamtazama baba. Baba akamtazama balozi. Swali lile halikupata jibu siku ile, na bibi aliendelea kulirudia kwa kila mgeni aliyeingia kutoa pole, mpaka shangazi akamwomba apumzike.

Msiba ukatandikwa hivyo hivyo. Sukari ilikuwa ya shida, kwa hiyo balozi akaandika kibali kwenye kipande cha karatasi ili tupewe dukani ya kahawa ya wageni. Ninakumbuka aliandika "msiba wa kijeshi" akapiga mstari chini yake, na baba mdogo akasema laiti kaka angejua kwamba nyota zake zitatuletea sukari. Watu waliguna. Mimi nilicheka, nikafinywa.

Ugumu ulikuwa kwenye swala. Mzee mmoja alisema aliyeuawa vitani ni shahidi, na shahidi haoshwi wala haswaliwi. Mwingine akamjibu kwamba Amin Mwislamu, na Walibya aliotumiwa na Gaddafi ni Waislamu, sasa ushahidi wa namna gani huo? Kuna walioona neno hilo lingengoja, na mimi mpaka leo naona lingengoja. Baba alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale. Mwalimu wetu wa madrasa akayakata maneno. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, akasema, kumswalia aliye mbali inajuzu. "Tumswalieni. Hukumu ya ushahidi hatukuajiriwa sisi kuitoa."

Alivyokufa tulikuja kuelezwa vita ilipokwisha, na askari aliyekuwa platuni yake, aliyepita Tanga akielekea kwao Pangani. Ilikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, jioni ya Machi 10, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, mahali ambapo njia imepita juu ya tuta na huku na huku ni kinamasi. Walibya na askari wa Amin walikuja na vifaru na maroketi. Wengi katika brigedi yao walikuwa mgambo, watu ambao miezi michache nyuma walikuwa mashambani, na giza lilipoingia walitawanyika majini. Kaka alibaki tuta lile akiwaita vijana wake kwa majina, mmoja mmoja, wajue pa kurudi. Kipande cha bomu kikampata hapo. Alfajiri Brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka mbali, ikatokea upande wa Kampala na kuugeuza mchezo. Askari yule alitusimulia huku amekishika kikombe cha chai, hakunywa hata funda. Leo mamia ya wenzake kaka wamelala makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, na kila Siku ya Mashujaa yanatajwa redioni.

Basi Ijumaa ile, baada ya swala ya Ijumaa, tukasimama safu. Takbira nne, hakuna rukuu, hakuna sijda. Kwenye maiti nyingine macho huwa na pa kutua. Siku ile kila mtu alikuwa anaangalia ncha za vidole vyake. Imamu alipotoa salamu, baba akageuka akafanya kama inavyofanywa siku zote:

"Aliyekuwa anamdai mwanangu, ajitokeze kwangu."

Kimya. Halafu fundi wetu akasimama safu ya tatu.

"Mimi namdai, mzee. Suruali mbili, ushonaji. Nimesamehe."

"Zimekwisha kushonwa?"

"Zimekwisha toka mwezi wa pili. Zinaning'inia tu."

"Basi ni haki yako. Shilingi ngapi?"

"Mzee, nimesema nimesamehe. Amekufa kwa ajili yetu wote."

"Amekufa kwa ajili ya nchi," baba akasema, na sauti yake sikuwahi kuisikia vile kabla wala baadaye. "Wewe si nchi. Shilingi ngapi?"

Fundi akataja. Baba akahesabu pale pale, noti na sarafu, akapungukiwa, baba mdogo akaongezea. Kisha baba akanionyesha kwa kidole. "Huyu atazifuata."

Nilizifuata Jumatatu. Zilikuwa za rangi ya udongo, miguu mipana kwa chini kama zilivyopendwa wakati ule. Mama alizifungia sandukuni hadi Ramadhani, kisha akazitoa mwenyewe, akapunguza kiuno, akapandisha pindo, nami nikavaa moja Idi ya Agosti ile. Bibi alisema imenikaa vizuri kuliko ambavyo ingemkaa mwenyewe. Vijana wa barabara yetu waliniita Luteni kutwa nzima, na sikumkataza hata mmoja.