Pini nne ubaoni

Nimerudi Shangani sasa hivi, Mtwara hii hii, na donge bado liko kooni.

Gazeti letu la ukutani limebanduliwa asubuhi.
Tuliandika kuhusu hosteli: siku tisa mabomba makavu, wasichana wanabeba ndoo usiku.

Mlezi wa wanafunzi akaniita. "Mwanangu, hiki chuo ni cha binafsi. Habari kama hizi zinapita kwetu kwanza."

Nikamwambia kwa adabu: Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake. Na sisi ni watu.
Akanyamaza.

Nilipopita ubaoni, pini nne bado zipo. Moja imeshikilia kipande cha karatasi, limebaki neno "maji" tu.

Nimekichukua, kipo kwenye daftari langu.

Mliosoma vyuo vya binafsi, ninyi mlifanyaje?